Kunde za Ciakuthii

Katika nyumba ya Mwalimu Alosio, pale Siakago, kulikuwa na sufuria mbili ambazo hazikuwahi kukaa kwenye jiko siku moja. Ya kwanza ilikuwa ya kila siku, imeungua chini na mfuniko wake umepinda. Ya pili ilikaa ndani ya gunia nyuma ya cherehani ya mkewe, Marcella, na ilitoka tu wakati mwalimu akiwa shuleni anafundisha hesabu. Hiyo ya pili ilikuwa ya kunde.

Alosio alikuwa Mganda. Aliingia Kenya mwaka wa sabini na saba, wakati kwao watu walikuwa wakichukuliwa majumbani na wasirudi. Alifundisha kwanza Meru mjini, na Jumamosi alikuwa akitembea hadi soko la Gakoromone ili tu asimame katikati ya mikungu ya ndizi mbichi na asijione yuko mbali. Baadaye akahamishiwa Siakago, kwenye joto na vumbi, mahali ambapo mgomba haukubali, na huko akampata Marcella, fundi wa nguo, binti ya Ciakuthii.

Kabla hawajaoana alimwambia jambo moja tu kuhusu chakula. Kwao kila ukoo una kitu kimoja ambacho watu wake hawakili, kwa sababu kitu hicho wanakihesabu kama ndugu. Kuna wasiokula uyoga, kuna wasiokula senene, wale panzi wa kukaanga. Ukoo wake ulikuwa hauli kunde.

"Mtu wa hesabu mzima," Marcella alimwambia, "unaogopa kunde?"

"Siogopi. Naheshimu." Kisha akacheka kidogo. "Nilitoka nyumbani na suruali mbili na kutokula kunde. Suruali zimeshaisha."

Marcella hakumtania tena. Lakini alijua yeye mwenyewe anatoka wapi. Kwa mama yake, mwendo wa saa mbili kwa miguu ukifuata njia ya Kanyuambora, kunde ndizo zilizokuwa shamba lenyewe. Mvua ikikataa, mahindi hukauka kwanza, halafu maharagwe, na kunde hubaki zimejilaza chini kana kwamba hazijasikia habari. Ciakuthii alikuwa amelea watoto watano kwa kunde hizo baada ya mumewe kufa. Alizihifadhi kwenye kibuyu kikubwa, zimechanganywa na majivu ili wadudu wasiziingie, na mgeni aliyepikiwa kutoka kibuyu kile alijua kwamba amepokelewa.

Siku ya kwanza Alosio kupelekwa huko, aliwekewa sahani ya kunde imejaa mpaka ukingoni. Hakuigusa. Ciakuthii aliitazama sahani, akamtazama mkwe, akamtazama binti yake. Marcella alifungua kinywa ili aeleze habari ya ukoo, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Ana vidonda vya tumbo, mama."

Ciakuthii aliitikia kwa kichwa, akaondoa sahani. Mwezi ule ule akatuma chupa ya dawa, mizizi na magome yaliyochemshwa mpaka maji yakawa meusi. Mwezi uliofuata akatuma nyingine. Ilikuwa chungu kiasi kwamba harufu yake peke yake ilikausha ulimi. Alosio hakuwa na ugonjwa wowote, lakini dawa ilikuwa imetoka kwa mama mkwe, na kwao kitu kilichotoka kwa mama mkwe hakimwagwi. Kila asubuhi alisimama mlangoni, akafumba macho, akanywa bilauri moja, akachukua chaki zake akaenda.

"Mama yako ananitibu ugonjwa uliouzaa wewe," alimwambia Marcella.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ulikuja na mtoto. Kaari alipozaliwa, Alosio aliomba kwamba na yeye asilishwe kunde, maana mtoto ni wa ukoo wa baba. Marcella alikubali, na siku hiyo alikubali kwa moyo wote. Lakini siku za soko mtoto alibaki na cucu yake, yaani bibi yake Ciakuthii. Mara ya kwanza Marcella kumkuta binti yake amepakaa kunde mpaka puani, alimpangusa akanyamaza. Mara ya pili alimpangusa tena. Mara ya tatu, kwa vile mtoto alikuwa amekataa uji siku nzima akitaka chakula cha cucu, alipita dukani akanunua sufuria.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka minne. Akiwa kwa mama yake alichunga asitaje ukoo. Akiwa kwa mumewe alichunga mtoto asitaje kunde.

Mwaka wa themanini na nne mvua haikuja kabisa. Watu walipanga foleni kwa ajili ya mahindi ya njano ya serikali. Mwezi wa Agosti, shule zimefungwa, Mzee Ireri, mdogo wa marehemu baba yake Marcella, alituma ujumbe: njaa au si njaa, mambo ya mkwe, yaani mahari, yamalizwe Jumamosi hii, kabla mbuzi waliobaki hawajafa wote.

Marcella alikuwa ameingojea siku hiyo kuliko nguo ya Krismasi alipokuwa mtoto. Kwa desturi ya nyumba yao, mama wa msichana hali wala hanywi kwa mkwe mpaka mambo yaishe. Miaka minne Ciakuthii alikuwa akija Siakago, anaketi kwenye kiti karibu na mlango, anampakata Kaari, na akiletewa hata maji anasema, "Bado." Sasa ile "bado" ingekwisha. Lakini mambo yenyewe huishia kwenye sahani: mama mkwe humpa mkwe chakula cha shamba lake mbele ya wazee, na mkwe hula. Asipokula, amekataa nyumba, na mbuzi hurudi walikotoka.

Na shamba la Ciakuthii, mwaka ule, lilikuwa limetoa nini zaidi ya kibuyu cha kunde?

Ijumaa jioni, wakila, Alosio alisema, "Nitazila hizo kunde."

Marcella alishusha kikombe.

"Nimefikiria wiki nzima," akaendelea. "Mama yako ana njaa, na amenihifadhia. Siwezi kumwambia leo, baada ya miaka minne, kwamba ninachokikataa ni chakula chake hasa. Nitakula sahani moja. Bibi yangu mzaa baba, huko aliko, atanisamehe." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu hatua juu ya daraja bovu. "Naomba kitu kimoja. Mimi nitakula, lakini Kaari asile. Abaki mmoja katika nyumba hii ambaye hajala. Sawa?"

Kaari, miaka mitatu, alikuwa ameketi mkekani akimvua mwanasesere wake nguo. Marcella alimtazama mtoto, akatazama gunia lililo nyuma ya cherehani.

"Sawa," akasema. Akaanza kukusanya vyombo.

Walitoka mapema, na mbuzi watatu. Msemaji wao alikuwa Njuki, mwalimu mwenzake Alosio, kwa sababu mgeni hana jamaa wa kumsemea, na kwa sababu Njuki angeweza kusema hata akiwa usingizini.

"Leo mimi ndiye baba yako," alimwambia Alosio njiani. "Unyooshe shati. Sitaki waseme nimezaa mtoto mchafu."

"Ndiyo, baba."

"Na ukipewa chakula, kula kama mtu. Habari ya tumbo iache huku huku njiani."

Alosio alinyoosha shati. Marcella, aliyembeba Kaari mgongoni, aliona mumewe akilifunga mpaka kifungo cha shingoni.

Walipofika, wazee walikuwa wameketi uani, wanane, wamekonda wote, na harufu ya kunde ilikuwa imeshatoka jikoni na kuwazunguka. Hakuna aliyekuwa akitazama mbuzi kwa muda mrefu. Macho yalikuwa yakirudi kwenye moshi. Kaari aliteremka akakimbia jikoni moja kwa moja, na Marcella akamfuata.

Ciakuthii alikuwa ameinama juu ya chungu. Kunde zilikuwa zimeiva, nyekundu, mchuzi mzito. Alikuwa amezidi kukonda tangu Julai. Mifupa ya mabega ilionekana chini ya leso. Marcella alikuwa amejiambia njiani kwamba ataanza taratibu. Hakuanza taratibu.

"Mama, Mwalimu hana vidonda vya tumbo."

Ciakuthii aliendelea kukoroga. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwenye arusi ya jirani yetu Karambu alikula nyama choma na pilipili, akalamba na vidole. Mtu wa vidonda halambi pilipili."

"Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Na dawa ukaendelea kutuma?"

"Nilitaka kuona atainywa mpaka lini." Ciakuthii aliweka mwiko juu ya mfuniko. "Wewe hujaionja ile. Mimi nimeionja. Nikasema, mtu anayekunywa ile kila siku bila kuumwa, ati kwa sababu imetoka kwa mkwewe, huyo ama ni mjinga ama ananiheshimu. Na mjinga hapewi hesabu kufundisha."

Marcella aliketi kwenye kigoda. "Sasa mbona hukuniuliza kwa nini hali kunde zako?"

Mama yake alichukua kijiti akasukuma ukuni ambao haukuhitaji kusukumwa.

"Nilidhani najua. Nilidhani ni kwa ajili ya yule samaki."

"Samaki gani?"

"Wa siku ya kwanza. Yule niliyeletewa na Mwalimu, amefungwa kwenye gazeti."

Marcella alikumbuka. Samaki mkubwa wa kukaushwa, wa kutoka Kisumu, ambaye Alosio alimtafuta wiki mbili kwa sababu kwao mtu haendi ukweni na kitu kidogo.

"Nilimpokea kwa mikono miwili," Ciakuthii alisema. "Nilishukuru, ulinisikia. Lakini sisi tulipokuwa watoto tuliambiwa yule ni nyoka wa majini. Mlipoondoka sikuweza hata kulala naye nyumba moja. Nikamzika nyuma ya zizi, chini ya mti wa mukau. Mbwa akamfukua. Nikamzika. Akamfukua. Mara ya tatu nikaweka jiwe la kusagia." Akapangusa paji la uso. "Nikasema, siku ile ile aliona usoni mwangu kwamba samaki wake simtaki. Ndiyo maana na yeye hataki changu. Na nikaona ana haki."

Marcella alianza kucheka, na katika kucheka machozi yakaja, na mama yake akamngoja amalize, bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili linalotakiwa kutulizwa.

Ndipo akamweleza. Habari ya koo, na uyoga, na senene, na ndugu anayeitwa kunde. Alieleza yote kwa utaratibu, jinsi alivyopaswa kueleza miaka minne iliyopita, na mwisho akasema kwamba leo mwalimu ameazimia kula, kwa ajili yao.

"Kunde ni ndugu yake," Ciakuthii alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi kila akija namwekea ndugu yake kwenye sahani."

"Hukujua, mama. Ni mimi. Niliogopa utakasirika."

"Pengine ningekasirika." Alifikiri. "Sijui. Siku ile sikuwa nimemjua." Akasimama, akaepua chungu cha kunde, akakiweka pembeni. "Hizi watakula wazee. Yeye hatakula."

"Lakini ni lazima ale cha shamba lako."

Ciakuthii alinyoosha mkono kwenye dari, mahali palipokuwa peusi kwa moshi, akateremsha kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi la hindi lililokauka. Ndani yake kulikuwa na ndengu, kama vibaba viwili hivi.

"Mama, hizo ni mbegu."

"Ni za shamba langu au si za shamba langu?"

"Mvua ikija utapanda nini?"

"Mvua ikija tutaongea. Nenda umwambie yule anayesema sana aseme zaidi. Ndengu hazichelewi kama kunde, lakini haziivi kwa kutazamwa."

Marcella alitoka akamwita Njuki kando. "Refusha."

"Kiasi gani?"

"Saa moja."

Njuki aliwatazama wazee, akatazama moshi. "Saa moja? Mama Kaari, hawa wataninyofoa mimi."

Lakini alirudi. Akasimama katikati ya uwanja, akakohoa, akasema kwamba kabla ya kuendelea ana swali dogo juu ya mbuzi wa tatu. Ameona sikio lake limekatwa kwa alama ambayo kwao si ya heri. Mzee Ireri akasema mbuzi huyo wamemleta akina Njuki wenyewe. Njuki akasema ndiyo maana anauliza mapema, asije akalaumiwa. Mzee mmoja akasema alama ile ni ya kupe, si ya kisu. Mwingine akasema kupe hakati pembe tatu. Mbuzi akaletwa. Akageuzwa. Wazee wawili waliokuwa hawajasalimiana tangu mwaka jana walijikuta upande mmoja wa ubishi, na waliposhtuka walikuwa wameshakubaliana. Njuki akaomba radhi, akashukuru, akakumbuka swali jingine.

Alosio aliketi kwenye kiti chake mikono magotini, amenyooka, shati limefungwa mpaka shingoni. Marcella alimwona kutoka mlango wa jikoni. Alikaa kama mtoto anayengojea sindano.

Hatimaye Ciakuthii alitoka mwenyewe na sahani imefunikwa. Alipiga goti kidogo, jinsi inavyostahili, akaiweka mbele ya mkwe, akafunua.

Alosio alikuwa ameshavuta pumzi. Akatazama. Zilikuwa ndogo, za kijani, zimepasuka vizuri, zikitoa mvuke. Akainua macho kwa Ciakuthii, na desturi ya kwao ya kutomtazama mama mkwe usoni ikamtoka kwa muda.

"Ni ndengu," Ciakuthii alisema kwa sauti ya chini. "Hazina ndugu hapa."

Alosio alichukua kijiko. Marcella aliona mabega ya mumewe yakishuka, polepole, kama mzigo uliofunguliwa kamba moja moja. Alikula yote. Aliparuza sahani. Mzee Ireri akasema, "Basi, imekwisha," na wazee wakageukia chungu cha kunde bila kungoja hotuba nyingine ya Njuki.

Ilikuwa kwenye pilikapilika hizo ambapo Kaari alitoka jikoni na bakuli lake, akaja mpaka miguuni pa baba yake, akaketi mchangani. Bakuli lilikuwa la kunde. Alizila kwa mkono, kwa ustadi wa mtu mwenye mazoea, akatema ganda moja, akaendelea. Alosio alimtazama. Kisha akamtazama Marcella, ng'ambo ya uwanja. Alitoa kitambaa akampangusa mtoto kidevu.

Waliondoka jua likiwa bado juu. Njuki, aliyeshiba kuliko wote, alitangulia akiimba. Kaari alilala begani kwa baba yake. Walitembea mpaka walipovuka mto mkavu, ndipo Alosio akasema, "Tangu lini?"

"Tangu alipoota meno." Marcella hakuongeza visingizio. "Na nyumbani nina sufuria."

"Kwenye gunia?"

"Uliiona?"

"Niliiona mwaka jana. Nikadhani unamwekea akiba mama yako." Alimhamisha mtoto bega la pili, na akiwa anafanya hivyo akautazama mkono wake mdogo, nyuma na mbele, kama mtu anayetafuta upele. Ulikuwa mkono tu, wenye vumbi na mchuzi. Wakaenda hatua nyingi. Marcella alijiandaa kwa lolote.

"Usimwambie kwamba ni mwiko," Alosio alisema mwishowe. "Mwambie ni kitu baba yake hali. Siku akiuliza kwa nini, mlete kwangu. Nitamweleza kila kitu, na majina ya mababu, na mahali penyewe palivyo. Halafu tutaona."

"Hujakasirika?"

"Asubuhi nilikuwa nakwenda kula kunde sahani nzima. Acha kwanza nifurahi kwamba sikuzila." Akakohoa. "Na mimi nina langu. Ile dawa. Tangu mwezi wa pili mwaka huu nilishindwa. Naibeba hadi shuleni, naimwaga kwenye maua ya mwalimu mkuu."

"Yale yaliyokufa?"

"Anadhani ni ukame."

Marcella alicheka mpaka Njuki akageuka huko mbele akauliza kuna nini. Jambo hilo la dawa hakuwahi kumwambia mama yake. Alifikiri sana kama huo nao ni uongo, akaamua kwamba miaka mitatu na nusu ya uchungu inatosha kuitwa minne.

Mvua ilikuja Oktoba, na ilikuja kwa kweli. Alosio alikwenda Embu akarudi na ndengu za mbegu, vibaba sita, akazipeleka Kanyuambora mwenyewe kabla udongo haujakauka. Desemba alikwenda tena, safari hii akaleta nyumbani mkungu wa ndizi mbichi kutoka Kibugu, na majani ya mgomba yamekunjwa chini ya kwapa kama magazeti. Alimenya, akafunga ndizi ndani ya majani, akazipika kwa mvuke tangu asubuhi, moto mdogo, bila haraka. Sufuria ya pili ilikuwa imetangulia jikoni alfajiri, na sasa ilikaa pembeni bila gunia, ina kunde za Kaari.

Ciakuthii alifika saa sita, miguu imejaa tope. Aliketi kwenye kiti kile kile karibu na mlango. Alosio alipofungua majani na mvuke kupanda, aliinama akachungulia.

"Hamna samaki humu?"

"Hamna, mama," Alosio alisema, akitazama chini kwa heshima. "Yuko chini ya jiwe."

Ciakuthii alimgeukia binti yake kwa jicho kali, kisha akaziba mdomo kwa leso, na mabega yake yakatikisika muda mrefu. Alipotulia alijifuta macho, akasogeza kiti kutoka mlangoni mpaka mezani.

"Nimetembea," akasema. "Nipeni kwanza maji."

Marcella alimletea bilauri. Mama yake aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, akairudisha, akaomba nyingine.